Ubavu

Tangazo lilibandikwa kwa plasta ya vidonda
mlangoni mwa maktaba, Parklands, wiki ya pili ya mvua:
Jarida la wanafunzi linatafuta wahariri.
Sheria, jinsia na ujinsia.
Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu:
Mkaolewe.
Na chini ya hilo, mwingine, kwa penseli:
Baada ya toleo la tatu.

Nilicheka peke yangu. Ndiyo sababu nilipanda ngazi.

Ghorofa ya nne, chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu,
Jerotich, mhariri mkuu, amevaa ndara na soksi,
chapati yake imefungwa kwa karatasi ya mtihani wa mwaka juzi.
"Linaitwa Ubavu," akasema.
"Kwa ajili ya Hawa?"
"Kwa sababu mkuu wa kitivo alituambia hatuna."

Hakuuliza alama zangu. Hakuuliza nampenda nani.
Alinipa kurasa arobaini na moja, tanbihi mia na tisa,
akasema: fuata kila moja hadi chanzo.
Mwaka ukikosewa, hoja nzima inavuja,
na wapo wanaokaa wakisubiri tundu.

Basi nikawa mtu wa tanbihi.
Chumbani Ngara, stima zikipotea, nikisoma kwa tochi ya simu,
ukurasa, aya, mwaka, hakimu,
mpaka ya sitini na saba:
shauri la Makadara, mlalamikaji msusi wa Kayole,
maneno yake yamehifadhiwa jinsi yalivyomtoka:
Mpenzi wangu alikuwa amelala. Walivunja mlango. Walimburuta.

Pembeni, kwa Kiingereza, mkalimani
alikuwa amemgawia mpenzi huyo uanaume.

Nilirudia kwa sauti, jirani akagonga ukuta.
A-likuwa. Wali-m-buruta.
Silabi moja imembeba mtu mzima
na haijamwambia avue kitu.
Kiswahili hakikuwahi kudai kujua.
Kiingereza, kama mnunuzi wa mbuzi,
kilitaka kwanza: dume au jike?

Na hukumu, ukurasa wa kumi na mbili, ikasema
mwanamume anayedaiwa kuburutwa hakujitokeza,
kwa hiyo hakuwapo.
Shauri likatupwa.

Sikuhitaji kutafuta jina la mkalimani.
Naijua ile K yenye mkia mrefu.
Ndiyo iliyotia sahihi ripoti zangu zote za shule.

Nilimpigia Jumapili, alipotoka kanisani.
Nikamsikia akizima jiko.
"Hakimu alikuwa ananitazama," akasema.
"Unajua wanavyotazama saa."
Kisha, baada ya muda ambao niliulipia kwa salio langu lote:
"Benchi la nyuma. Sweta ya kijani, kiwiko kimetiwa kiraka.
Alimwonyesha kwa kidevu. Nami niliona."
"Alikuwa nani, Mama?"
"Alikuwapo," akasema. "Andika hivyo. Alikuwapo."

Jumatatu nilisimama mbele ya wahariri sita
nikatangaza maslahi yangu, kama tulivyofundishwa:
mkalimani huyu amenizaa.
Odera akataka tanbihi ifutwe, tusijiletee balaa.
Saumu akataka jina lake lichapwe kwa wino mzito.
Walibishana hadi askari akaja na funguo.
Jerotich alimaliza chapati, akanisukumia kalamu.
"Wewe ndiye uliyefika hadi chanzo."

Sasa tanbihi ya sitini na saba ina mistari kumi na tisa.
Mpiga chapa wa River Road analalamika,
hajawahi kuona mguu uliouzidi mwili.
Nimemwambia aache ilivyo.
Orodha ya wahariri imekosea jina langu herufi moja,
nayo nimeiacha.

Mama ameagiza nakala mbili.
Ya pili hakusema ni ya nani.