Moshi Uliorudishwa Kazini

Hedi imetoka. Saa mbili asubuhi, giza lingali
limeegemea dirisha la gereji, hapa Södertälje,
na theluji niliyoingia nayo kwenye viatu
inayeyuka kuelekea kopo la bolti.

Silinda ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu
ina weusi wa kawaida, weusi wa mtu aliyefanya kazi.
Ya nne, pistoni imemeguka ubavu
pale kati ya ringi ya juu na mwenzake,
kipande kidogo kuliko ukucha wa mtoto.
Hicho ndicho kilicholaza gari zima.

Mwenye gari, Aryo, miaka ishirini na miwili,
amesimama mlangoni, zipu ya koti imefika kidevuni.
"Niliongeza presha kidogo."
Kidogo. Kiwanda kilimpa kipimo kimoja;
yeye, kwa kompyuta ya kuazima, alijipa karibu viwili.

Simjibu. Namwonyesha turbo.
Magurudumu mawili, mhimili mmoja mwembamba kama penseli,
huku moshi, kule hewa, wala havikutani.
Moshi uliokwisha kufukuzwa silindani,
umeshalipwa, umeshaaga,
unashikwa mkono mlangoni: ngoja, zungusha hili kwanza.
Nao unazungusha, mara laki moja na nusu kwa dakika,
na gurudumu la pili linavuta baridi yote ya mfereji
na kuishindilia kwenye mapafu ya chuma.
Mhimili haugusi kitu. Unaelea juu ya utando wa oili.
Oili ikikawia, mhimili hauna wa kumlalamikia.

Kisha nageuza injini miguu juu,
na kabla spana haijagusa vifuniko vya beringi
naiona: kwenye kila bolti, nukta ya njano
yenye mkia mfupi upande wa kushoto.

Naijua nukta hiyo.
Ilikuwa hata kwenye bolti za baiskeli yangu,
shangazi Kerttu akirudi zamu ya usiku
na harufu ya oili mpya kwenye nywele.
Wenzake walipiga nukta. Yeye alitumia shoto,
na daima alikuwa na basi la kuwahi.

Nampigia simu. Haulizi habari.
"Silinda ya ngapi?"
"Ya nne."
"Krankshafti?"
"Inang'aa."
Kimya. Halafu: "Nakuja."

Anakuja na nyonga yake ya bandia, anakalia ndoo,
anaomba miwani, anaomba kahawa, haombi ruhusa.
Anapitisha kidole: krankshafti ya kufuliwa, si ya kusubu;
konrodi, shingo nene; valvu za moshi zenye uvungu,
sodiamu ikichezacheza ndani, ikibeba joto;
na vijibomba vinavyotemea oili chini ya pistoni,
kama mama apulizaye uji.

"Pistoni zilikuwa za kusubu," anasema.
"Tulilalamika. Mhasibu akashinda."

Aryo anapata sauti: "Kama vingine vyote vina nguvu hivi,
kwa nini mliiacha bila kuitumia?"

"Haikuachwa. Iliwekwa.
Kwa petroli mbovu. Kwa mlima na trela nyuma.
Kwa mtu atakayesahau oili miaka miwili.
Sisi hatukujenga kwa yale mtu atakayotaka,
tulijenga kwa yale atakayosahau.
Akiba haiozi, kijana. Lakini huliwa."

Aryo anafungua zipu ya koti.

Shangazi ameshachukua ringi mpya,
ameisukuma ndani ya silinda, anapima pengo,
anaikataa, anaipiga tupa mara mbili,
anapima tena, midomo ikihesabu Kifini.
Miaka kumi na mmoja tangu kiwanda kifunge lango.
Vidole havikuambiwa.

"Nipe rangi."
Hatuna ya njano. Kuna kichupa cheupe tu,
kile cha kufutia makosa kwenye ankara.
Anakitazama, anakitikisa,
anakihamishia mkono wa kushoto.