Swali la Tisa

Tumelazwa bwenini, walimu wazima,
vitanda vya ghorofa vya watoto waliofunga shule,
miguu imepita mwisho wa godoro.
Bweni liko ndani ya korongo, chini ya genge;
jua hutufikia saa nne, saa tisa limekwisha kuaga.
Juu ya uso wangu, kwenye mbao za kitanda cha Mwalimu Kokwijuka,
mtu amechora kwa msumari: ZIMEBAKI SIKU 41.
Kila usiku naisoma.
Zetu zimebaki sita.

Tunasahihisha darasa la nne.
Kalamu nyekundu, chai ya rangi, bahasha, lakiri.
Mimi nimepewa swali la tisa, hilo tu, asubuhi hadi jioni:
Kwa nini maji ya mto huporomoka? Alama nne.
Mwongozo unataka mwamba mgumu juu, mwamba laini chini;
laini uliwe na maji, mgumu ubaki unaning'inia.
Mgumu, mbili. Laini, mbili.
Nimelisahihisha mara elfu na mia mbili,
mimi wa Kishapu,
ambako maji hayaanguki, yanachimbwa,
na ukiyapata unayapandisha kwa kamba.
Maporomoko nilikuwa nayajua kwa alama tu.

Jumapili wakatuachia.
Ma Kokugonza, mpishi wa bweni, akasema ni hapo tu,
akaonyesha kwa kidevu.
Hapo tu yake ilikuwa saa tatu na nusu.
Tukapita migombani, umande ukitulowesha hadi magotini,
bibi mmoja akatupa buni za kutafuna, akakataa shukrani.
Mwalimu Laurian wa hesabu alihesabu hatua;
penye elfu nne akapigwa na kikohozi, hesabu ikapotea,
akataka turudi tuanze upya.
Kokwijuka na yeboyebo zake, akiteleza, akicheka, akiteleza.

Juu ya genge tukageuka.
Ziwa lote, hadi Uganda, limetulia kama bati jipya;
mitumbwi imepandishwa mchangani,
mwezi ulikuwa mpevu na dagaa hawaifuati taa.
"Yanaitwaje, hayo maporomoko?"
Ma Kokugonza akafikiri.
"Sisi tunasema kule."

Kule kulianza na baridi shingoni,
kisha majani yanayotetemeka bila upepo,
kisha tukaacha kusikizana.

Nilitafuta mwamba mgumu. Upo, mweusi, umejitokeza kama paji la uso.
Nilitafuta mwamba laini. Upo, umelika, popo wamo.
Mwongozo haukukosea popote.
Lakini maji yalipofika ukingoni
niliyaona yakisita,
naapa, yalisita, yakajikusanya,
yakanyoosha vidole vyeupe kwenye jani la mgomba-mwitu,
kwenye mzizi, kwenye jiwe,
na kila kitu kikateleza.

Ndipo nikamkumbuka mtahiniwa 0137.
Mwandiko umelala kushoto, karatasi ina alama ya mafuta ya taa.
Aliandika: Maji yanaanguka kwa sababu hayana pa kushika.
Hakutaja mwamba.
Niliandika sifuri, nikaizungushia,
nikapuliza wino ukauke.

Laurian ananipigia kelele nisogee, nitalowa.
Nimekwisha kulowa.
Kokwijuka anataka picha, simu yake haina chaji,
tumepanga mstari hata hivyo, tukatabasamu mbele ya simu nyeusi.

Usiku nilimwendea msimamizi na tochi.
Yule bwana alikuwa anaosha soksi.
Bahasha ya 0101 hadi 0150 ilifungwa Ijumaa, akasema,
lakiri imekauka, gari limeondoka nayo Jumamosi.
"Kulikuwa na kosa la kujumlisha?"
Hapana, nikasema. Jumla iko sawa.

Nimepanda kitandani, nguo zimetundikwa dirishani, zinatona.
Mbao zinasema zimebaki siku 41.
Huko korongoni juu, kule, yanaendelea, giza totoro,
hakuna anayeyasahihisha.
Kokwijuka amejigeuza, kitanda kizima kikayumba,
nami nikajikuta nimeshika chuma
kwa mikono miwili.