Pini Kumi na Nane

Saa kumi na moja alfajiri, Fort Portal, umeme hakuna.
Kabatooro amekaa kwenye kigoda, ameshika tochi ya simu
ili nimpake wanja.
Wanasema mpambe ni pambo.
Basi hawajauona mkoba wangu:
pini kumi na nane, sindano, uzi mweupe,
panadoli, ndizi mbili mbivu, kandambili,
na bahasha ya mchungaji
ambayo baba yake aliisahau mezani.

Gauni langu ni la rangi ya chungwa lililosahaulika juani.
Sikulichagua. Shangazi zake walikaa vikao vitatu,
wakalipigia kura pamoja na bei ya hema.

Viatu vyake vinabana. Najua mimi tu.
Najua alilia Jumanne, na kwa nini,
najua barua tuliyoichoma jikoni
na moshi wake ulivyokataa kutoka.
Siri ya mtungi muulize kata.
Mimi ndiye kata, na hakuna anayeniuliza.

Nyuma ya kanisa, chooni, mvua ikipiga mabati,
nimekumbatia mita tatu za hariri ya bandia
zisiguse sakafu,
akanishika kiwiko:
"Abooki, nikighairi je?"

Kinanda kilikuwa kimeshaanza.
Sikumwambia kwamba bwana ni mtu mwema.
Ni mwema. Silo aliloniuliza.
Nilimwambia: "Mbele kuna zulia.
Nyuma kuna pikipiki ya kaka yangu, mafuta nusu tangi.
Uende huku, uende kule,
mkia wa gauni hili nitaubeba mimi."

Akanyamaza.
Kisha akacheka, akacheka hadi wanja ukamchuruzika.
"Pikipiki, na gauni hili? Nipe poda."

Tukaingia. Watu wakasimama,
wakamwona yeye, ndivyo ipasavyo.
Mpiga picha akanipungia nisogee kidogo,
tena kidogo,
nikasogea hadi nguzoni.

Usiku, mjomba wa bwana arusi akihutubu ukurasa wa tano,
niliingia chini ya meza kuu
nikamvua viatu, nikamvisha kandambili.
Hakutazama chini. Aliendelea kutabasamu na wakwe,
ila kwa kidole gumba cha mguu
alinigonga kiganjani, mara mbili.

Nyumbani nimehesabu pini: kumi na saba.
Moja imekwenda naye.
Sikumbuki niliibana wapi.