Pikapu

Nilipofika Hull nilijua pikapu moja tu:
ile nyeupe ya Shemhilu, kule Lushoto,
iliyobeba viazi, saruji na maiti bila kubagua.

Wiki ya kwanza, simu kutoka shule:
njoo umpikapu Zaina.
Nikajibu kwa aibu, mimi nina baiskeli.

Kumbe huku neno hilo halina magurudumu.
Mtoto unampikapu saa tisa na robo.
Maziwa, ukipita dukani. Mafua, usipopita popote.
Upepo wa mto Humber unapikapu wenyewe,
hakuna aliyeuinua.
Hata lafudhi ni ya kuokota:
Zaina ameiokota ya kwao,
sasa ananisahihisha mezani.

Jana nilimpigia mama.
Ikaita. Ikaita.
Aliyepikapu ni wifi yangu,
akanyamaza kwanza.

Asubuhi Doreen wa mlango wa pili
alinikuta jikoni, kikombe kimetapakaa sakafuni.
Hakuuliza. Akapiga magoti na magoti yake mabovu,
akashika kizoleo: acha, nitapikapu mimi.

Mkono wa kikombe ulikuwa kiganjani mwangu.
Huo sikumpa.