Chumba cha Brashi

Jumapili kifua cha Baba Semeni hufunguka,
anamaliza stori bila kukohoa.
Jumatatu, saa nne, mashine zikishapamba moto,
kinafungwa tena, kama duka la mdeni.

Singa zatoka nyeupe, zasifiwa hadi bandarini Tanga.
Vumbi halina mnunuzi. Hilo tunarudi nalo:
kwenye kope, kwenye uji,
kwenye nywele za mtoto aliyemkimbilia baba mlangoni.

Barakoa zililetwa siku ya wakaguzi,
zikahesabiwa, zikarudi stoo.
Nikachana kanga yangu, nikamfunga puani;
jina likakatika, likabaki *Subira ni ufunguo*
wa nini, sijui, kipande kile kingine ni dekio.

Muheza, daktari kamuuliza: "Unavuta sigara?"

"Sijawahi," akajibu.
"Mimi navuta kamba."