Mia na Kumi na Saba

Harusi ya Swabra imeangukia kipupwe.
Si kwa kupenda. Bwana harusi yuko Maskati,
likizo yake ni siku kumi na nne za Julai,
na tajiri wake hajui asumini ni nini.

Basi nimevaa sweta ndani ya buibui,
nimechukua kijamanda cha marehemu mama,
nazunguka toka Mkomani hadi Langoni
nagonga milango, nahesabu vitumba.

Kwa Mama Barke mti umekunja mikono.
Kusi imeupiga tangu Idi,
majani yamekauka pembeni
kama manda za sambusa zilizosahauliwa wazi.
"Yeo hayafunuki," aniambia, "ngoya keso."
Keso! Harusi ni keso.
Akanichumia kumi na viwili, kimoja kimoja,
kama mtu anayejing'oa meno.

Kwa Bi Rukiya Famau, thelathini na vitatu,
na kahawa ya tangawizi, na habari ndefu za goti.
Kwa mwalimu wa chuo, tisa;
mwanawe akanikimbilia kichochoroni
na cha kumi, alichokiokota chini, kina mchanga.
Ua wa zahanati, arubaini na kimoja
(mlinzi aliangalia kando, Mungu ampe kheri).
Mti wangu mwenyewe, ishirini na kimoja.

Kishada cha nywele chataka mia tatu.
Kikuba cha kifuani, mia na nusu.
Kitanda sijakitaja.

Saa nne ndege ikatua Manda
na Tima wa Nairobi, na katoni ya mawaridi.
Tukaifungua sebuleni, watu wakanyamaza.
Mekundu, shingo ndefu, yamesimama sawasawa
kama watoto wa shule siku ya mgeni rasmi.
Nikapeleka pua. Nikanusa tena.
Harufu ya friji.
"Shangazi, haya ni ya picha," asema Tima.
Basi yakakae na picha.
Nikayapanga nyuma ya kiti cha bibi harusi,
na kusema kweli yalipendeza,
nami sikumwambia.

Lakini kipupwe nacho si bahili, kina vyake.
Rihani imekunywa masika yote
ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia,
ukiigusa na kanzu, kanzu inanukia siku mbili.
Na nyuma ya kisima mkadi umezaa,
mmoja tu, mweupe, na miiba yake.
Umenichana kidole gumba.
Nikaupasua nyuzi nyuzi, nyumba ikajaa hadi darini,
na Swabra, aliyekuwa juu akilia kwa sababu asizozijua,
akauliza, "Ni nini hicho?"

Usiku tukatunga, taa ya simu ukutani,
rihani, rihani, mkadi, kitumba,
rihani, rihani, mkadi, kitumba,
vidole vimekufa ganzi, uzi wapotea tundu.
Mama alikuwa akisema: chuma likiwa limefumba,
lifunukie shingoni mwa mtu.
Hakunifundisha la kufanya na baridi.

Siku ya kutolewa nje, baada ya isha,
wanawake walikitazama kishada.
"Mbona kijani kibichi hivi?" aliuliza mmoja,
jina lake nalihifadhi.
Hakuna hata kimoja kilichofunuka.
Vilikaa nyweleni vimefumba, vyeupe, vigumu,
kama punje za mchele usioiva.

Alfajiri simu ikatetemeka chini ya mto.
*Shangazi, vimefunuka.*
Vyote? nikaandika.
*Nimevihesabu, yeye kalala. Mia na kumi na sita.*

Nikakaa kitandani, nikajumlisha upya:
Barke, Rukiya, chuo, zahanati, mimi.
Kisha nikashuka kukung'uta kijamanda.
Kilikwama pembeni, kwenye ukindu,
chenye mchanga, kile cha yule mtoto,
kimefunuka peke yake, bila shingo ya mtu.

Asubuhi ile ilikuwa na baridi.
Nikakichomeka kwenye sweta
nikaenda kununua mkate.