Plagi Tupu

Corona ya marehemu baba ilitoka Japani na sauti ndogo.
Spika nne, redio ya kaseti, na mlio kama wa mtu
azungumzaye na shuka imemfika puani.
Tulizoea. Tukipita Makupa, malori yakinguruma,
mama hujivuta mbele, sikio karibu na dashibodi,
akauliza: "Yasemani hiyo?"

Fundi Ngowa, kichochoro cha tatu nyuma ya Mwembe Tayari,
aliinua kapeti ya buti kwa bisibisi,
akapapasa vumbini, akatoa sarafu ya senti hamsini
na sindano ya cherehani,
kisha akacheka peke yake.
"Njoo uone. Hawa watu wana adabu."

Nyaya zilikuwapo.
Zimeviringwa utepe mweusi, zimetoka redioni
zikapita chini ya zulia, chini ya nyayo zetu,
miaka ishirini na minane tukizikanyaga
twende Likoni, twende harusini, twende Makadara hospitali,
na mwisho wake plagi nyeupe
iliyovikwa kidaraja cha plastiki,
sauti ikipita juu kwa juu, haikaribishwi ndani.
Hata matundu ya skrubu yalikwishatobolewa.
Magari ya bei ya juu yalipewa amplifaya.
Letu lilipewa nafasi yake.

Yenyewe tuliipata Jomvu, kwa Kalume muuza mizoga,
ndani ya Corona kama yetu iliyokutana na trela Mazeras.
Boksi la chuma, upana wa daftari la deni,
kutu pembeni, muhuri wa kiwanda ungali unasomeka.
Akataka elfu sita.
Nikatoa nne na mia tano, na soda, na maneno mengi.

Ngowa hakukata waya hata mmoja.
Skrubu nne, kidaraja kikatoka, plagi ikaingia: tak.
Kwanza tukapata kivumi cha injini tu,
kinapanda na kushuka kwa mguu wangu.
Akakwaruza rangi hadi bati likang'aa,
akaufunga upya waya wa athi,
kivumi kikafa.
"Sasa tafuta cha kusikiliza," akasema, akinawa mikono kwa petroli.

Jumamosi mama akaja na kopo la biskuti.
Ndani mlikuwa na barua za baba kutoka Maskati,
alizozisema kwenye kaseti badala ya kuziandika,
kwa kuwa hati yake ilikuwa mbaya
na alimwonea haya mama, aliyesoma hadi darasa la nane.
Tukaegesha Kizingo, vioo juu, joto kama tanuri la mkate.

Baba akaingia na kifua chake chote.
Nikamsikia akimeza mate kabla ya salamu.
Nikasikia feni, kijiko, bomba likidondoka.
Pesa zaja na Mselem, alisema, msimpe fundi wa bati zote,
na nyuma yake, wazi kama mtu wa kiti cha nyuma,
mwanamke, lafudhi ya Unguja:
"Aboud, chai yako yapoa."

Mkono wangu ukarukia kitufe.
Mama akaushika.
"Uwache."

Bati zikaendelea. Ada za shule zikaendelea.
Akaniombea dua, kwa jina, mimi niliye kwenye usukani.

"Hiyo miye naisikia tangu mwaka wa tisini,"
mama akasema, "kwa redio ya betri nne,
stima zimekatika, na wewe wanililia kifuani.
Hiki kidude chenu hakikuongeza neno."

Akajifuta shingo kwa ncha ya leso.

"Nililokuwa silisikii ni kule kumeza mate.
Irudishe nyuma.
Hapo. Kabla ya salamu."